Kwa Nini Mafuta Hupanda Katika Damu ya Mjamzito

Katika kadi ya kliniki ya mjamzito kuna nafasi ya uzito, shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo na mapigo ya moyo wa mtoto, na siku hizi wahudumu wengi huulizia pia habari za sukari. Mafuta hayana nafasi yake. Tukiyataja tunayataja kwa hofu, na mara nyingi tunamwambia mama ayaepuke bila kumweleza ni mafuta yapi wala yana kazi gani mwilini mwake. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari hapa Mwanza, na kwa miaka mingi nimefundisha mada ya uzazi kwa vitabu vinavyoeleza kwa kirefu jinsi yai linavyorutubishwa, kisha vikapita haraka juu ya namna mama anavyomlisha mtoto kwa miezi tisa. Kwa kusoma nje ya mtaala nimefikia kuamini kwamba mafuta ndiyo yanayoendesha theluthi ya mwisho ya ujauzito: mama huyachoma yeye ili sukari ibaki kwa mtoto, na mtoto naye hupokea sehemu yake ili ajenge ubongo na kujiwekea akiba ya siku zake za kwanza duniani.

Kilichonisukuma kusoma ni karatasi ya maabara. Mdogo wangu alikuwa na ujauzito wa miezi minane alipoamua, kwa hiari yake, kupima damu katika maabara moja ya binafsi. Alirudi na orodha ndefu ya namba, na mbele ya neno trigliseridi, yaani aina ya mafuta yanayozunguka katika damu, palikuwa na 2.9 pamoja na alama ya nyota, kwa kuwa safu ya pembeni ilionyesha kwamba kiwango cha kawaida hakivuki 1.7. Aliyempa majibu alimwambia apunguze mafuta, basi. Tangu jioni hiyo aliacha dagaa, akaacha karanga, akaacha hata parachichi ambalo mti wake uko uani, akawa anashindia chai ya rangi na mkate. “Dada, imeandikwa mafuta yamezidi,” aliniambia nilipomuuliza. Mama yetu, ambaye hajasoma baiolojia lakini amezaa na kulea, alimtazama akasema, “Mwanangu, mtoto wa tumboni hali chai.”

Ile safu ya pembeni imetokana na vipimo vya watu wazima wasio wajawazito. Mwanamke mwenye afya njema anapokaribia kujifungua, trigliseridi katika damu yake huwa zimepanda mara mbili hadi tatu ya kiwango alichokuwa nacho kabla ya mimba, na kolestroli nayo huongezeka kwa robo hadi nusu. Kwa mwezi wa nane, 2.9 ni namba ya kawaida kabisa. Wasiwasi wa kweli huanza mbali zaidi, hasa trigliseridi zinapovuka milimoli 11 kwa lita, kiwango ambacho kongosho linaweza kuvimba na mama akahitaji hospitali mara moja. Lakini hali hiyo ni nadra, na mara nyingi humpata mwenye kasoro ya kurithi katika kushughulikia mafuta au mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Nilimweleza mdogo wangu hivyo, naye akataka kujua swali lililo la msingi zaidi, yaani kwa nini mwili wenye akili timamu ujaze damu yake mafuta wakati wa kulea mimba.

Kwa upande wa mafuta, ujauzito una misimu miwili. Katika msimu wa kwanza, unaochukua takriban theluthi mbili za safari, mwili wa mama huweka. Istrojeni na projesteroni hupanda, hamu ya kula hurudi baada ya kichefuchefu cha mwanzo kupungua, insulini hufanya kazi yake vizuri, na seli za mafuta za nyonga na mapaja hupokea mafuta kwa wingi kuliko kawaida. Mtoto bado ni mdogo na mahitaji yake ni machache, kwa hiyo chakula kinachozidi huhifadhiwa kwa ajili yake, kama kaya inavyojaza ghala wakati wa mavuno ikijua kiangazi kinakuja. Frank Hytten na Isabella Leitch, waliopiga hesabu za mwili wa mjamzito huko Aberdeen, Uskoti, walikadiria kwamba katika kilo 12.5 ambazo mama wa kawaida huongezeka, zaidi ya kilo 3 ni mafuta yake mwenyewe, na kwamba karibu yote huwa yameshawekwa ifikapo wiki ya 30. Gramu moja ya mafuta hubeba kilokalori 9, hivyo akiba hiyo inakaribia kilokalori 30,000. Kwa mwanamke anayelima, anayebeba maji na ambaye hana uhakika na chakula cha mwezi ujao, hiki si kitu kidogo.

Katika msimu wa pili mkondo hugeuka. Kondo la nyuma, ambalo sasa limekua, humwaga homoni zake katika damu ya mama, na homoni hizo, zikisaidiwa na kotisoli na nyinginezo, huufanya mwili wa mama uanze kuikaidi insulini. Misuli hupunguza kupokea sukari. Seli za mafuta zilizokuwa zikiweka huanza kuachia: mafuta yaliyohifadhiwa huvunjwa kuwa asidi za mafuta na gliseroli, vyote vikaingia kwenye damu. Gliseroli ikifika kwenye ini hugeuzwa sukari. Asidi za mafuta huchomwa na misuli na moyo wa mama, na zinazobaki ini huzirudisha kuwa trigliseridi, likazifunga ndani ya chembe ndogo za mafuta na protini na kuzirusha tena kwenye damu. Wakati huohuo, kimeng’enya kinachoziondoa trigliseridi kwenye damu na kuziingiza kwenye seli za mafuta hulegea. Uzalishaji umeongezeka na uondoaji umepungua. Namba ya maabara haina budi kupanda.

Faida ya mpango huu ni ya mtoto. Yeye hutegemea zaidi sukari ya mama, inayovuka kondo mchana na usiku bila mapumziko, na hana namna ya kuiomba mama akiwa hajala. Mama anapohamia kwenye mafuta kwa mahitaji yake mwenyewe, sukari na protini zinabaki kwa mtoto hata kati ya mlo na mlo. Kwa hiyo ukaidi wa insulini ambao tumezoea kuusikia ukitajwa kama mwanzo wa kisukari, katika miezi ya mwisho ya mimba ni hatua ya kawaida na yenye manufaa, ilimradi kongosho la mama liweze kuongeza insulini kiasi cha kuidhibiti hali hiyo.

Norbert Freinkel, daktari wa Marekani aliyefanya kazi Chicago, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza upande mwingine wa mpango huo, yaani yanayotokea mjamzito asipokula. Aliiita hali hiyo njaa iliyoharakishwa. Mwaka 1982 yeye na wenzake, akiwemo Boyd Metzger, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti kuhusu wanawake waliokuwa katika miezi mitatu ya mwisho ambao, baada ya kulala bila kula kama kila mtu anavyolala, waliendelea kukaa bila kifungua kinywa hadi saa 18 tangu mlo wa mwisho. Sukari yao ilishuka na ketoni, ambazo ni mabaki ya mafuta yanayochomwa kwa kasi kwenye ini, zikapanda, wakati wanawake wasio wajawazito waliofunga muda huohuo hawakubadilika sana. Hali ambayo kwa mtu mwingine ingehitaji kufunga kwa muda mrefu zaidi, kwa mjamzito inaanza asubuhi tu, kwa kukosa kifungua kinywa.

Sijaweza kusoma habari hizo bila kufikiria foleni za kliniki zetu. Mama wa miezi minane anaondoka nyumbani alfajiri ili awahi namba, mara nyingi ametia kinywani kikombe cha chai au hajatia kitu, na chakula cha mwisho alikula saa mbili ya usiku uliopita. Anakaa kwenye benchi, anasikiliza elimu ya lishe pamoja na wenzake, anapimwa uzito, anasubiri majibu ya mkojo, na ikifika saa nane mchana bado yuko palepale. Saa 18 zimekwisha kupita. Mkojo wake ukionyesha ketoni haipaswi kushangaza mtu. Ukiacha siku ambazo kipimo cha sukari kinamtaka mama afike hajala, sioni sababu ya elimu ya lishe kutolewa kwa watu wenye njaa, na naamini sufuria la uji wa lishe pale kwenye benchi lingefanya kazi kubwa kuliko bango lililo ukutani. Mahali ambapo sufuria hilo halipo, mama abebe chakula chake, hata kama ni viazi vitamu vya kuchemsha na yai ndani ya kopo, na asione haya kula mbele ya wenzake.

Suala hilohilo linawahusu wanaofunga Ramadhani. Watafiti waliokuwa kijijini Keneba, Gambia, walichapisha mwaka 1983 vipimo vya wanawake waliofunga, na waliona kwamba wajawazito wa miezi ya mwisho, ilipofika jioni, walikuwa na dalili zote za ile njaa iliyoharakishwa: sukari chini, insulini chini, ketoni juu. Tafiti nyingi zilizofuata, katika nchi mbalimbali, hazikuona tofauti kubwa ya uzito wa kuzaliwa kwa jumla, lakini uzito peke yake hausemi kila kitu kuhusu mtoto. Sheria ya dini imempa ruhusa ya kutofunga mjamzito na anayenyonyesha anayehofia nafsi yake au mtoto wake. Ninawajua wanawake ambao wangependa kuitumia ruhusa hiyo lakini wanaona aibu kula wakati nyumba nzima imefunga, na hapo nadhani jukumu ni la mume na mama mkwe kusema wazi kwamba ruhusa ipo.

Sasa tumfuate mtoto. Trigliseridi za mama hazivuki kondo zikiwa nzima. Kwenye uso wa kondo, upande unaogusana na damu ya mama, kuna vimeng’enya vinavyozivunja, na asidi za mafuta zinazotoka hapo hupokelewa na protini maalumu zinazozisafirisha hadi upande wa mtoto. Kondo huchagua. Asidi ya mafuta iitwayo DHA, ya jamii ya omega-3, ambayo ubongo na retina ya jicho huihitaji kwa wingi, hupewa kipaumbele kuliko asidi nyingi nyingine. Mahitaji hayo hupanda katika miezi mitatu ya mwisho, wakati ubongo unapokua kwa kasi, na ikumbukwe kwamba ukiondoa maji, zaidi ya nusu ya uzito wa ubongo ni mafuta. Mwili wa binadamu huweza kutengeneza DHA kidogo kutokana na mafuta ya mimea, lakini njia yenye uhakika ni kuila ikiwa tayari, na kwa watu wetu hiyo inamaanisha samaki.

Habari hii ina historia katika eneo letu. Michael Crawford, mwanabiokemia Mwingereza ambaye baadaye alijulikana sana kwa hoja zake kuhusu DHA na ubongo, alikuwa mwalimu Makerere, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nusu karne baadaye watafiti kutoka Uholanzi, akiwemo Martine Luxwolda, walikuja Tanzania kwa sababu rahisi: hapa waliweza kupata ndani ya nchi moja wanawake wanaotofautiana mno kwa ulaji wa samaki tangu utotoni. Waliwalinganisha Wamaasai, ambao samaki si chakula chao, Wapare, ambao hula kwa kiasi, na wanawake wa Sengerema, ng’ambo tu ya ghuba yetu, ambao samaki wako mezani siku nyingi za wiki. Katika matokeo yaliyochapishwa 2011, mama mwenye DHA kidogo kwenye chembe nyekundu za damu alizaa mtoto mwenye kiwango kikubwa kuliko chake mwenyewe; kwa mama mwenye DHA nyingi pengo hilo lilipungua na hata kugeuka. Mimi ninausoma utafiti huo hivi: kondo hufidia upungufu wa mama kwa kumpa mtoto zaidi, mama akabaki na pungufu, na anayekula samaki vya kutosha humwondolea kondo kazi hiyo.

Shirika la Chakula na Kilimo limependekeza mjamzito apate angalau miligramu 200 za DHA kwa siku, kiasi kinachofikika kwa milo michache ya samaki wenye mafuta kwa wiki. Hapa ziwani dagaa ni jibu la bei nafuu, na kwa kuwa wanaliwa mzima huleta kalsiamu pia. Lakini mnunuzi awe na pua. Dagaa walioanikwa juani kwa muda mrefu na kuhifadhiwa vibaya huanza kuchacha, na mafuta yanayochacha kwanza ni hayohayo ya omega-3. Dagaa wa rangi ya fedha wenye harufu safi ni bora kuliko wale wa manjano wanaokereketa kooni, hata kama bei yao imezidi kidogo. Kwa ndugu zetu wa pwani tahadhari ni nyingine: papa, nduaro na jodari wakubwa hukusanya zebaki mwilini kwa sababu hula samaki wengine na huishi miaka mingi, na zebaki huvuka kondo. Mjamzito apendelee samaki wadogo.

Omega-3 inaonekana kusaidia pia mtoto asizaliwe kabla ya wakati. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 70, yalionyesha kwamba uzazi wa kabla ya wiki 37 ulikuwa asilimia 11.9 kwa waliopewa omega-3 na asilimia 13.4 kwa wasiopewa, na kwamba ule wa kabla ya wiki 34, ambao ndio wa hatari zaidi, ulishuka kutoka asilimia 4.6 hadi 2.7. Mwaka uliofuata jaribio kubwa la Australia lililohusisha mimba zaidi ya 5,500 halikuona faida hiyo kwa wanawake wote kwa jumla. Kwa hiyo siwezi kumshauri kila mama akanunue vidonge. Ninayeamini atafaidika zaidi ni yule ambaye samaki hafiki kabisa kwenye sahani yake.

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa mnono kuliko watoto wa karibu wanyama wote wanyonyeshao. Kichanga aliyetimiza miezi yake akiwa na kilo 3.5 hubeba takriban nusu kilo ya mafuta, na sehemu kubwa ya hayo aliyaweka katika wiki za mwisho tu, ndiyo maana mtoto njiti huonekana kama ngozi imemzidi. Kitovu kikishakatwa, sukari iliyokuwa ikija bila kuomba inakoma ghafla. Ndani ya saa moja au mbili kiwango chake kinashuka, nao ubongo mkubwa unaendelea kudai nishati. Hapo ndipo mafuta yanapoingia kazini: huvunjwa, ini huyageuza ketoni, na ubongo wa kichanga, tofauti na wa mtu mzima aliyeshiba, huzitumia kwa ufanisi mkubwa. Dang’a, yale maziwa mazito ya mwanzo ambayo bado wako wanaoyakamua na kuyamwaga, huja kidogo kidogo wakati huohuo, na ndiyo sababu tunahimizwa kumweka mtoto titini ndani ya saa ya kwanza.

Mafuta yana kazi ya pili, nayo ni joto. Kichanga hajui kutetemeka kwa baridi kama sisi. Badala yake ana mafuta ya kahawia kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, ambayo seli zake zimejaa chembe za kuchoma nishati na yana protini inayoruhusu nishati hiyo itoke moja kwa moja kama joto. Njiti hana akiba ya kutosha ya mafuta ya kahawia wala ya meupe, kwa hiyo anapoa haraka, na akipoa anatumia sukari ambayo hana. Kifua cha mama hujazia pengo hilo. Huduma ya kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa muda mrefu ilitumika baada ya mtoto mdogo kutulia. Jaribio lililochapishwa 2021, lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, liliwaweka watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri. Vifo katika siku 28 za kwanza vilikuwa asilimia 12.0, ikilinganishwa na asilimia 15.7 kwa waliopata utaratibu wa zamani, na tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa mapema. Joto si faida pekee ya kangaruu, kwa kuwa mtoto hunyonya mapema na huepushwa na maambukizi, lakini mtu aliyeelewa habari ya mafuta ya kahawia haulizi tena kwa nini kifua kinashindana na mashine.

Mpango huu mzuri unaweza kupindukia. Jørgen Pedersen wa Copenhagen alieleza mwaka 1952 kwamba sukari nyingi ya mama hupita kwa mtoto, kongosho la mtoto hujibu kwa kutoa insulini, na insulini hiyo humnenepesha tumboni. Utafiti wa HAPO wa mwaka 2008, uliohusisha wanawake zaidi ya 25,000 katika nchi 9, ulithibitisha kwamba uhusiano huo hauna ukingo: sukari ikipanda kidogo, hata ndani ya kiwango kinachoitwa cha kawaida, mafuta ya mtoto nayo huongezeka. Kwa miaka mingi sukari ilichukuliwa kuwa maelezo yote. Lakini katika mwaka huohuo Ute Schaefer-Graf wa Berlin na wenzake, akiwemo Emilio Herrera wa Madrid, walionyesha kwamba kwa wanawake wenye kisukari cha ujauzito ambao sukari yao ilikuwa imedhibitiwa, trigliseridi na asidi za mafuta katika damu ya mama ziliendelea kuhusiana na ukubwa wa mtoto. Insulini ya mama inapokosa nguvu, mafuta nayo hufurika, na kondo huyapitisha.

Mtoto wa namna hiyo huonekana mwenye afya tele. Mara nyingi picha yake husambazwa kwenye kundi la ukoo kwa furaha, kilo 4.6, mashavu yamejaa. Mkunga anaona jambo jingine: mabega yanayoweza kukwama, na sukari inayoweza kuporomoka saa chache baada ya kuzaliwa, kwa kuwa kongosho lililozoea kumwaga insulini haliachi mara moja wakati chanzo cha sukari kimekatwa. Anahitaji kunyonyeshwa mapema na mara kwa mara, na kupimwa sukari kwa tone la damu ya kisigino. Wataalamu wa Marekani walipendekeza mwaka 2009 kwamba mwanamke mwenye uwiano wa kawaida wa uzito na urefu aongezeke kilo 11.5 hadi 16 katika mimba nzima, na mwenye unene uliokithiri kilo 5 hadi 9 tu. Namba hizi si amri, lakini zinampa mama mahali pa kusimama anapoambiwa kila siku ale kwa ajili ya watu wawili.

Kuna ugonjwa mmoja ambao, kwa maoni yangu, ndio unaoonyesha vizuri kuliko wote jinsi mama na mtoto wanavyogawana mafuta, ingawa ni nadra sana. Baadhi ya watoto hurithi kutoka kwa wazazi wote wawili kasoro ya kimeng’enya kinachochoma asidi ndefu za mafuta. Kondo ni mali ya mtoto, kwa hiyo nalo lina kasoro hiyohiyo. Katika miezi mitatu ya mwisho, pale mafuta yanapoachiwa kwa wingi, mabaki yasiyochomwa kikamilifu yanaweza kurudi katika damu ya mama, na ini lake, ambalo lina nusu tu ya uwezo kwa kuwa yeye ni mbebaji wa kasoro, likajaa mafuta na kushindwa. Mama anaanza kutapika mwezi wa nane, anaumwa chini ya mbavu za kulia, macho yanakuwa ya manjano, sukari inashuka. Si homa ya manjano wala malaria kali, na tiba yake ya kwanza ni kumzalisha bila kuchelewa. Wengi wanaopata ini la mafuta la ujauzito hawana mtoto mwenye kasoro hii, lakini ikiwepo, kichanga hatakiwi kukaa muda mrefu bila kunyonya, na huhitaji lishe yenye mafuta ya urefu wa kati ambayo mwili wake unaweza kuyachoma. Mtoto ambaye hajazaliwa anaweza kumfanya mama augue. Jambo hili wanafunzi wangu hulikataa mpaka niwachoree njia yote ubaoni.

Baada ya kujifungua mkondo hugeuka tena. Kondo likitoka, homoni zake zinatoweka, prolaktini inachukua nafasi, na kile kimeng’enya cha kukamata trigliseridi hufanya kazi kwa nguvu kwenye matiti huku kikibaki dhaifu kwenye nyonga. Mafuta yaliyowekwa mwezi wa tatu na wa nne wa mimba sasa hutoka kama maziwa. Karibu nusu ya nishati anayopata mtoto anayenyonya hutokana na mafuta, na wingi wa mafuta hayo haubadiliki sana hata mama akila vibaya kwa siku chache, kwa kuwa akiba ipo. Aina yake ndiyo inayobadilika: mama akila samaki DHA ya maziwa hupanda, asipokula hushuka.

Akiba hiyo huchukua muda kurudi. Gerard Hornstra na wenzake wa Maastricht waligundua miaka ya 1990 kwamba wanawake wenye mimba ya kwanza walikuwa na DHA nyingi kwenye damu kuliko waliokwisha kuzaa, na watoto wao vilevile. Shirika la Afya Duniani hushauri angalau miezi 24 ipite kati ya kujifungua na kushika mimba nyingine, na ushauri huo hutolewa zaidi kwa sababu za damu, kizazi na mtoto mkubwa anayeachishwa ziwa mapema. Katika mazungumzo ya uzazi wa mpango niliyoyasikia, sijasikia mhudumu akitaja kwamba mafuta ya mama nayo yanahitaji muda, wala akimuuliza anayenyonyesha mara ya mwisho alikula samaki lini.